Shufaa ya Ardhi: Haki ya Mshirika, Awe wa Dini Yetu au Asiwe



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Wasomaji wetu wapenzi, akina baba, akina mama na vijana wa majumba yetu, juma hili tumeona vyema tuizungumze mas-ala ambayo yamekuwa yakitufikia kwa njia nyingi, baada ya darsa, kwenye matanga na hata njiani. Ni mas-ala ya fungu la ardhi linalouzwa na mshirika mmoja pasi na wenziwe kuambiwa. Tangu Ngombeni na Tiwi, kupita Diani na Ukunda, hadi Msambweni, Shimoni na Vanga, ni jamaa chache zisizokuwa na shamba la minazi au kiwanja cha babu ambacho bado hakijagawanywa. Mmoja hupata dhiki au tamaa, akaja dalali, akaja mnunuzi, na wenziwe wakapata habari siku wanapoona vigingi vimepigwa.

Hapo ndipo neno shufaa linapoanza kutajwa, na mara nyingi hutajwa visivyo. Wako wasemao kwamba shufaa maana yake ni kuwa ardhi ya Muislamu haiuzwi kwa asiyekuwa Muislamu. Wako wasemao kinyume chake, ya kwamba Mkristo mwenye hisa katika shamba la pamoja hana haki yoyote mbele ya washirika wake Waislamu. Kauli ya kwanza haimo katika sharia. Ya pili ina asili kwa baadhi ya maulamaa, lakini siyo kauli ya madhehebu yetu ya Shafii, wala siyo ya wengi. Kwa kuwa kauli zote mbili huweza kuwadhulumu watu mali zao, na kuwatia jirani katika fitina, tumeona ni wajibu kuyaeleza haya kwa utuvu.

MAANA YA SHUFAA

Neno lenyewe si geni kwetu. Sote tulisoma skuli kwamba ziko namba shufwa na namba witiri; namba shufwa ni ile igawikayo kwa mbili, kila kimoja kina mwenziwe. Na katika swala za usiku tunajua rakaa za shufwa na rakaa ya witri. Asili ni moja: kukiunganisha kitu na chenziwe kiwe jozi. Shufaa ya Siku ya Kiyama, ambayo ni uombezi, imetoka katika shina hilohilo, kwani muombezi huunganisha maombi yake na haja ya yule anayeombewa.

Ama shufaa ya mali, ni haki aliyopewa mshirika ya kulichukua fungu lililouzwa na mshirika mwenziwe, kutoka mikononi mwa mnunuzi, kwa bei ileile iliyouziwa, ridhaa ya mnunuzi iwepo isiwepo. Mwenye haki hiyo huitwa shafii wa mali. Yeye huliunganisha fungu lililouzwa na fungu lake, yakawa jozi.

Hekima yake iko wazi kwa kila aliyewahi kushirikiana. Mali ya shirika ni ya kuvumiliana. Nani aangue madafu, nani apalilie, kisima kichimbwe wapi, nyumba ijengwe upande gani, haya yote humalizwa kwa mazoea na kustahiana. Akiingia mtu mpya ghafla, ambaye hukumchagua, huenda akataka ugawanyaji wa haraka, au akaleta gharama usizozimudu. Sharia ikaona kuwa yule aliyekuwamo ana haki zaidi kuliko yule anayekuja. Nayo haikumdhulumu muuzaji, kwani hupata thamani yake kamili, wala mnunuzi, kwani hurejeshewa kila alichotoa.

DALILI KATIKA SUNNA

Imepokewa kwa Jabir bin Abdillah (R.A.), katika Sahihi ya Imamu Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) alihukumu shufaa katika kila mali ambayo haijagawanywa, ama mipaka ikishawekwa na njia zikapambanuliwa, basi hapana shufaa. Na katika Sahihi ya Imamu Muslim, kwa Jabir huyohuyo, imekuja kwamba shufaa imo katika kila ushirika usiogawanywa, nyumba au bustani, na kwamba si halali kwa mshirika kuuza mpaka amwarifu mwenziwe. Akitaka atachukua, na akitaka ataacha. Akiuza pasi na kumwarifu, yule mwenziwe ndiye mwenye haki zaidi ya kitu hicho.

Tuitazame vyema hadithi hii ya pili. Ina mambo mawili: kumwarifu mwenzio kabla ya kuuza, na haki yake baada ya kuuza. Wengi wetu hulikumbuka la pili wakati wa ugomvi, tukalisahau la kwanza ambalo lingezuia ugomvi wenyewe.

Kiko pia kisa cha Abu Rafi', huru wa Mtume (S.A.W.), ambacho Imamu Bukhari amekipokea. Abu Rafi' alikuwa na vyumba viwili ndani ya nyumba ya Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.). Akamwendea Sa'd akamtaka avinunue. Sa'd alisita, kisha akasema hatazidisha juu ya 4,000, nazo kwa kulipa kidogo kidogo. Abu Rafi' akajibu kwamba alikwisha pewa dinari 500 za dhahabu na mtu mwengine, na lau si kumsikia Mtume (S.A.W.) akisema kuwa jirani ana haki zaidi kwa ajili ya ukaribu wake, asingemuuzia Sa'd kwa bei hiyo. Akampa. Aliacha bei kubwa iliyokuwa mkononi, akachukua ndogo ya kulipwa polepole, kwa kuheshimu haki ya aliye karibu.

NI NANI MWENYE HAKI HIYO?

Hapa maulamaa wamekhitalifiana, na inafaa tujue ili tusilaumiane bure.

Imamu Shafii, Imamu Malik na Imamu Ahmad wamesema: shufaa ni ya mshirika tu katika mali isiyogawanywa. Jirani ambaye shamba lake limepakana na langu, mpaka ukijulikana, hana shufaa. Dalili yao ni ile hadithi ya Jabir kuhusu mipaka na njia. Hadithi ya Abu Rafi' wameifasiri kuwa jirani hapo ni mshirika, au kwamba ni mafunzo ya wema na hisani.

Imamu Abu Hanifa amesema: shufaa ina daraja tatu. Kwanza mshirika katika mali yenyewe. Kisha mshirika katika haki za mali hiyo, kama vile njia na maji. Kisha jirani aliyeungana naye mpaka. Na wako wanazuoni waliokaa katikati, mfano Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, waliosema kuwa jirani ana shufaa ikiwa wanachangia njia au haki nyengine ya pamoja.

Sisi watu wa pwani hii tumelelewa katika madhehebu ya Imamu Shafii, na vitabu tulivyosomeshwa madrasa, kuanzia Matn Abi Shujaa hadi Minhaj ya Imamu Nawawi, vinasema lile la kwanza. Kwa hiyo mtu wa Msambweni hawezi kumzuia jirani yake kuuza shamba lake lenye mpaka na hati yake kwa kudai shufaa. Lakini kukosekana hukumu si kukosekana adabu, na tutarejea hapo.

JE, DINI ZIKITAFAUTIANA?

Hili ndilo shina la makala yetu. Tuchukulie mfano. Bwana Muislamu na mkewe Mkristo walinunua kiwanja pamoja upande wa Ukunda, kila mmoja kwa pesa zake, na majina yote mawili yakaandikwa, nusu kwa nusu. Hawakujaliwa watoto. Bwana akafariki. Katika sharia yetu, Muislamu na asiyekuwa Muislamu hawarithiani, kwa hiyo ile nusu ya marehemu itakwenda kwa warithi wake Waislamu, tuseme ndugu zake wa kiume. Kama marehemu alimuusia mkewe kitu kisichozidi thuluthi, wasia huo ni sahihi, kwani si mrithi. Ama nusu yake yeye mjane, hiyo si mirathi kabisa. Ni mali yake aliyoinunua kwa jasho lake, na hapana mtu mwenye haki ya kuigusa.

Sasa wale ndugu wanakubaliana na mnunuzi kutoka nje, wanamuuzia nusu yao, na mjane hawakumwambia. Mjane akipata habari akasema: mimi ni mshirika, bei hiyo naiweza, nipeni mimi. Je, anayo haki hiyo, naye ni Mkristo na wauzaji na mnunuzi ni Waislamu?

Imamu Ahmad, kwa kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu yake, amesema asiyekuwa Muislamu hana shufaa juu ya Muislamu. Imepokewa vilevile kwa al-Hasan al-Basri na ash-Sha'bi. Wanaishika hadithi inayonasibishwa kwa Anas (R.A.), lakini isnadi yake ni dhaifu. Wanasema pia kwamba shufaa ni aina ya kumshinda mtu kwa nguvu ya hukumu, na Muislamu hashindwi hivyo.

Ama Imamu Shafii, Imamu Malik, Imamu Abu Hanifa na Sufyan ath-Thawri, wao wamesema anayo haki sawasawa na Muislamu. Na imepokewa hivyo kabla yao kwa kadhi Shurayh na kwa Umar bin Abdil-Aziz. Hoja yao ni kwamba hadithi za shufaa zimemtaja mshirika, hazikutaja dini ya mshirika. Tena shufaa imewekwa kuondoa madhara ya ushirika, na madhara hayo humfika Mkristo kama yanavyomfika Muislamu. Ni haki ya mali, mfano wa haki ya kumrudishia muuzaji kitu chenye aibu. Je, Mkristo akinunua ng'ombe mgonjwa kwa Muislamu pasi na kuambiwa, hatamrudisha kwa sababu ya dini yake? Hakuna asemaye hivyo.

Basi jawabu katika madhehebu yetu ni kwamba mjane yule ana shufaa kamili. Akiitaka kwa wakati na akalipa bei, fungu ni lake, na wale ndugu hawana hoja kwa Mungu wala kwa watu. Na kinyume chake ni vivyo hivyo: Muislamu mwenye hisa pamoja na Wakristo ana shufaa juu yao.

Tukumbuke pia kwamba shufaa haiulizi dini ya mnunuzi. Ukiwa mshirika, unayo haki hata mnunuzi akiwa imamu wa msikiti wako. Na usipokuwa mshirika, hunayo hata mnunuzi akiwa ni mtu usiyependa dini yake, kabila lake wala lahaja yake. Anayelitumia neno hili tukufu kama ua la kuwazuia watu wa bara, au Wakristo wa Shimba Hills, au mtu yeyote, amelibebesha neno la Mtume (S.A.W.) mzigo usiokuwa wake.

WALIVYOIJADILI WENGINE

Mas-ala haya hayakuanza kwetu. Kule India, Waislamu wa madhehebu ya Hanafi na Mabaniani waliishi mtaa mmoja kwa karne nyingi, na shufaa ikaenea hata kwa Mabaniani wenyewe, ikawa mila katika miji ya Bihar na Gujarat. Walipokuja Waingereza, mahakama zao zikaulizwa: muuzaji ni Muislamu, mwenye kudai shufaa ni Muislamu, lakini mnunuzi ni Baniani; je, atafungwa na sharia isiyo ya dini yake? Mahakama ya Calcutta mwaka 1869 ilikataa. Mahakama ya Allahabad mwaka 1885 ikakubali, na jaji Syed Mahmood akaandika hukumu ndefu iliyosomwa miaka mingi baadaye. Maana ya hoja yake ni kwamba shufaa ni haki iliyofungamana na mali yenyewe tangu kabla ya kuuzwa, na mnunuzi hawezi kuipata mali iliyo safi zaidi kuliko ilivyokuwa mkononi mwa muuzaji.

Baada ya uhuru, Mahakama Kuu ya Juu ya India mwaka 1962 ilisema kuwa shufaa ya jirani peke yake haipatani na katiba, kwa kuwa inawatenga watu, lakini shufaa ya washirika ikaachwa kwa sababu ina maslaha ya dhahiri. Anayejua fiqhi ataona ajabu: majaji wasiokuwa wa dini yetu walifika karibu na pale alipofika Imamu Shafii zaidi ya miaka elfu moja kabla yao.

MASHARTI NA HISABU YAKE

Shufaa ina masharti, na akina mama tunawaomba muyasome kwa makini, kwani wengi wenu mna mafungu katika mashamba ya baba zenu na hamjui.

La kwanza, mali iwe ya kutohamishika, yaani ardhi na vilivyosimama juu yake vikifuatana nayo, kama nyumba na minazi. Gari au ng'ombe wa shirika hana shufaa.

La pili, mali iwe haijagawanywa, na iwe yaweza kugawanywa ikabaki na manufaa.

La tatu, fungu liwe limetoka kwa badala, kama vile kuuza. Lililorithiwa halina shufaa, wala lililotolewa zawadi ya kweli. Tumesema ya kweli, kwa kuwa wako wanaoandika zawadi karatasini huku pesa zimepita chini ya meza. Imamu Bukhari, katika kitabu chake cha hila ndani ya Sahihi yake, ameweka mlango unaotaja zawadi na shufaa pamoja, ili watu wajihadhari. Mfano wake ni kuandika bei kubwa kuliko iliyolipwa ili mshirika ashindwe. Hiyo ni khiyana.

La nne, shufaa huombwa kwa haraka baada ya kupata habari. Anayejua akanyamaza bila udhuru, haki yake imeanguka. Udhuru ni kama ugonjwa, safari, au kudanganywa kuhusu bei au mnunuzi. Kwa yatima na watoto wadogo, walii wao huangalia penye maslaha yao.

La tano, bei ni ileile, na fungu huchukuliwa lote. Huwezi kuchagua upande wa barabarani ukaacha wa bondeni.

Ama aliyeambiwa kabla ya kuuzwa akasema sitaki, kisha fungu likauzwa naye akabadili nia, Imamu Shafii na wengi wamesema haki yake haijaanguka, kwani aliisamehe kabla haijathibiti. Wengine, akiwamo Sufyan ath-Thawri, wamesema imeanguka. Nasi twanasihi kwamba mtu atimize neno lake.

Sasa tufanye hisabu moja. Marehemu ameacha shamba la ekari 8 upande wa Msambweni, mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mke hupata thumuni, yaani ekari 1. Zinabaki ekari 7. Mvulana hupata fungu la wasichana wawili, kwa hiyo yeye ni ekari 3 na nusu, na kila binti ekari 1 na robo tatu. Shamba halijapimwa wala kugawanywa. Kijana anauza fungu lake kwa mtu wa nje kwa shilingi 3,600,000, bei ya mfano tu.

Mama na mabinti wote ni washirika, na wote wana shufaa. Wakiitaka wote watatu, kauli yenye nguvu kwetu ni kwamba watagawana kwa kiasi cha hisa zao. Mama ana 1, kila binti ana 1 na robo tatu. Ni sawa na 4, 7 na 7, jumla 18. Kwa hiyo mama atatoa shilingi 800,000, na kila binti shilingi 1,400,000, na watalipata fungu kwa viwango hivyohivyo. Mmoja akishindwa, wenziwe wana hiari ya kulichukua lote au kuliacha lote.

Mwanamke katika jambo hili ni sawa na mwanamume. Binti aliyeolewa Tiwi au Likoni hakutoka katika ushirika wa shamba la babake kwa sababu ya ndoa. Na anayemwambia mwanamke ya kwamba ardhi ni ya wanaume wa ukoo, au ni ya wajomba kwa mila ya fuko, amtajie aya inayosema hivyo. Sura ya An-Nisaa imewapa wanawake mafungu yao, machache au mengi, na ikayaita faradhi.

SHERIA YA NCHI IMESIMAMA WAPI?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imezipa Mahakama za Kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka hayo. Kuuza na kununua ardhi hakumo. Kwa hiyo Kadhi atakugawieni mirathi, lakini ugomvi wa mauzo ya ardhi, hasa kukiwa na Mkristo ndani yake, ni wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Huko neno shufaa peke yake halitakutosha.

Lakini tusikate tamaa, kwani sheria ya nchi ina kitu kinachofanana nayo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 91, inasema kwamba mmiliki wa pamoja mwenye fungu lake maalumu hawezi kulipitisha fungu hilo kwa mtu asiyekuwa mmoja wa wamiliki wenziwe, ila kwa idhini yao ya maandishi. Nayo idhini hiyo isizuiliwe pasi na sababu ya maana. Hii si shufaa kamili, kwa maana haimpi mshirika haki ya kulichukua fungu kwa bei ya mnunuzi. Lakini inamlazimisha muuzaji kukujia, na hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya hadithi ya Jabir. Akikujia, sema neno lako: fungu nalitaka, bei naiweza. Na kumbuka kwamba kukataa kwa sababu tu mnunuzi ni Mkristo si sababu ya maana mbele ya sheria, wala si shufaa mbele ya Mola.

Jambo jengine la kutahadhari: sheria ina aina mbili za kumiliki pamoja. Katika aina ya kwanza, kila mmoja ana hisa yake, na akifa hurithiwa. Katika ya pili, hakuna hisa, na anayekufa fungu lake huwaendea waliobaki hai katika hati. Hii ya pili huwaondoa warithi tuliowekewa na Qur'ani. Muislamu anapoandikisha ardhi na mwenziwe, awe mke, ndugu au rafiki, aombe aina ya kwanza na hisa ziandikwe kwa hisabu.

Shida yetu kubwa ni kwamba hati nyingi bado zina jina la babu aliyekwisha oza kaburini, au hakuna hati kabisa. Hilo lina historia. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani. Walioweza kuthibitisha madai yao wakapata hati, na ardhi isiyothibitishwa ikahesabiwa ya serikali. Wadigo na Wamijikenda wengine wengi hawakupata kitu, wakabaki wakilima ardhi za wazee wao kama maskwota. Baada ya uhuru, viwanja vingi vya ufuoni Diani vilikwenda kwa watu wa mbali. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi za umma zilivyogawiwa kinyume cha sheria nchini, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano katika ripoti yake ya mwaka 2013 ikazitaja dhulma za ardhi za pwani.

Uchungu huo ni wa haki. Lakini tumeona pia uchungu unapoachwa bila elimu huishia wapi. Mwezi wa Agosti mwaka 1997, ghasia zilizoanza Likoni zikaenea upande wetu wa kusini, watu wakauawa na maelfu wakahama, na wengi wao hawakumnyang'anya mtu hata shibiri moja ya ardhi. Walikuwa wafanyakazi, wachuuzi, wapangaji. Dhulma ya aliyepewa kiwanja cha ufuoni na wakubwa haikulipwa kwa kumchomea kibanda muuza mboga wa Ukunda. Ndiyo maana tunasisitiza kuwa haki ya ardhi idaiwe kwa mlango wake, na shufaa ina mlango wake.

NASAHA ZETU KWA FAMILIA

Kwanza, mirathi igawanywe mapema. Baada ya matanga na madeni kulipwa, nendeni kwa Kadhi, mpate hukumu ya mafungu, kisha mlifikishe jambo hadi ofisi ya ardhi, majina ya wanawake na ya mayatima yakiwamo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, anayetaka kuuza awaambie washirika wake wote kwa maandishi, kwa bei ya kweli, na awape muda wanaoukubali. Mkristo aliyemo katika ushirika aambiwe kama anavyoambiwa ndugu. Kama ni ardhi ya kilimo, mjue kuwa idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi pia inahitajika, na huko mshirika anaweza kwenda kusema neno lake.

Tatu, mshirika akipata habari kwamba fungu limeuzwa pasi na yeye kuambiwa, asingoje hadi Idi watu wakusanyike. Aseme siku hiyohiyo mbele ya mashahidi, aandike barua, na amwone wakili kuhusu kuweka zuio katika ofisi ya usajili wa ardhi. Kuchelewa kunaipoteza haki katika fiqhi, na kunaidhoofisha katika mahakama.

Nne, akina dada wekeni akiba pamoja. Shufaa ni haki ya mwenye kulipa. Vyama vyenu vya kuweka na kukopeshana, ambavyo leo hununua viti na vyombo vya harusi, vinaweza kumkomboa mwenzenu fungu la babake siku moja, kwa mkopo usiokuwa na riba.

Tano, hata pale ambapo shufaa haipo, jirani aambiwe. Sura ya An-Nisaa imetuamrisha wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali, na baadhi ya wafasiri wamemhesabu huyu wa pili kuwa ni jirani asiyekuwa Muislamu. Abdullah bin Amr (R.A.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza na kuuliza tena kama jirani yao Myahudi amepelekewa nyama. Mtu aliyekumbukwa kwa kipande cha nyama, vipi asikumbukwe shamba la ubavuni mwake likiuzwa?

Haki ikitolewa kwa asiyekuwa wa dini yetu, haitupunguzii Uislamu wetu, huushuhudia. Na ikizuiliwa, hakuna khutba itakayoifuta aibu hiyo. Shamba litabaki hapa Kwale baada yetu sote, na kila shibiri tuliyoila kwa dhulma tutaulizwa siku ambayo hapana dalali wala wakili.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, atuunganishie jamaa zetu, awahifadhi wajane na mayatima wetu, na atujaalie kuwa majirani wema kwa kila tuliyewekwa naye. Juma lijalo, inshaallah, tutazungumzia wakfu: ni nini, nani hausimamia, na kwa nini hauuzwi.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.